Simu Inataka Siri

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi sijambo. Kutwa nzima nipo pale pale mapokezi ya kliniki ya meno, napokea simu za watu waliovimba mashavu. Kengele ikilia nasema, "Kliniki ya meno, nikusaidie nini?" Mwaka wa tatu sasa nasema hivyo, na sijawahi hata mara moja kuinua simu nikamsikia Bibi aliyetulea.

Ndiyo maana nimekutumia boksi hili kwa mkono wa Trei, dereva wa mayai. Ndani kuna simu. Si ya laini na haihitaji mnara, kwa hiyo usianze kunisimulia habari ya mlima unaokinga mtandao. Hii inatumia waifai peke yake. Fundi cherehani hapo jirani ameshafungiwa intaneti, nimemwandikia, na amekubali tuitumie. Iweke kwenye kitako chake, ichaji kwa muda wa saa nane. Kisha bonyeza Menyu, chagua waifai ya Fundi, ingiza neno la siri atakalokupa, usubiri kijitaa chekundu kigeuke kijani. Basi. Namba yake ninayo, kupiga nitapiga mimi.

Sasa sikiliza vizuri. Nimeandika barua mbili kumwomba Bibi ahamie kwangu. Chumba cha chini kipo, ngazi hakuna, dirisha linatazama bustani. Mara zote mbili umenijibu kwa niaba yake kwamba "mti mzee hauhamishwi". Bibi hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila neno lake hunifikia likiwa limepita mkononi mwako, na mkono wako naujua tangu ulipokuwa unaingia kwenye kopo la sukari. Nataka nisikie kwa mdomo wake. Mwenye nyumba ananisubiri hadi mwisho wa Aprili. Bibi akisema ndiyo, nakuja kumchukua, na wewe utakwenda kwa mjomba kufyatua matofali. Akisema hapana, sitauliza tena.

Msalimie sana. Umsomee barua hii yote.

Dada yako


Alhamisi, 6 Machi

Kaka Trei,

Nakuandikia karatasi na kuiweka kwenye wipa ya gari lako, ingawa umelala hapo kwenye ghala la mayai hatua hamsini kutoka hapa. Ningekuja kukwambia, lakini wewe ukicheka unasikika mpaka kisimani, na haya mambo hayatakiwi kufika kisimani.

Lile boksi ulilonikabidhi mchana nakuomba ulichukue tena kesho. Sema lilidondoka njiani. Sema lilikaliwa na kuku. Wewe ni mtu mzima, uongo hukosi.

Sababu ni hii, na ukimwambia mtu nitakana hadi mwandiko wangu. Dada aliandika barua mbili kumtaka Bibi akaishi kwake mjini. Mimi ndiye msomaji wa Bibi, tena msomaji mashuhuri, mikono yangu ndiyo macho yake. Nilipofika kwenye maneno "chumba cha chini" nikajifanya nakohoa. Nikaruka. Nikasoma salamu, nikaongeza habari ya bei ya nyanya mjini, nikamaliza. Kisha nikamjibu dada kwa jina la Bibi, "mti mzee hauhamishwi". Msemo huo haukutoka kwa Bibi. Niliutunga mwenyewe nikiwa namenya viazi. Mzuri, eh? Shule niliacha njiani lakini kichwa sikukiacha huko.

Bibi hajui kama kuna chumba. Hajui kama anatakiwa. Akiambiwa, ataenda, maana Bibi hawezi kumnyima dada kitu. Halafu mimi nifanye nini? Nikafyatue matofali kwa mjomba, yule anayehesabu hata mara unazokohoa? Nani atamtania Bibi asubuhi? Nani atamsomea?

Hiyo simu ikiwaka, mimi nimezimika. Nisaidie, kaka.

Injinia


Ijumaa, 7 Machi
(nyuma ya karatasi ya kupokelea mayai)

Injinia,

Miaka kumi na moja nabeba mayai. Sijavunja, sijapoteza. Sianzi na simu.

Tena ukiniwekea karatasi kwenye wipa uikunje vizuri. Nilidhani ni faini, mapigo ya moyo yakanipanda.

Bibi yako ameniagiza miwani ya kusomea. Anasema ya kutungia uzi kwenye sindano. Nimemletea leo. Inampendeza.

Trei


Alhamisi, 13 Machi

Dada yangu mpendwa, Mama wa Mapokezi, shikamoo,

Mimi mzima wa chuma. Bibi mzima. Simu ndiyo mgonjwa.

Dada, usidhani nimelala. Kazi hii ungempa fundi mwingine angeshalia. Nimeichaji saa nane kama ulivyosema, nikaongeza nane nyingine za heshima. Nikabonyeza Menyu. Nikaiona waifai ya Fundi imejitokeza pale juu kwenye kioo, inajidai. Nikaenda kwa Fundi kuomba neno la siri. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo: vifungo40. Nikaingiza. Ikakataa. Nikaingiza polepole. Ikakataa. Nikaingiza nikiwa nimesimama juu ya kiti, maana mawimbi hupita juu. Ikakataa, na kiti kikavunjika mguu, lakini hilo la kiti tulisahau.

Nimefanya uchunguzi wa kitaalamu. Sababu ni tatu. Kwanza bati la nyumba yetu ni zito, maneno yakija yanagonga yanarudi. Pili ukuta ni wa tofali la udongo, na udongo hunywa mawimbi kama unavyokunywa maji. Tatu, na hii ndiyo kubwa, umeme wa cherehani ya Fundi unavuruga. Akikanyaga tu, kijitaa kinapiga chafya.

Majirani wameshaanza kuniuliza, "Injinia, vipi?" Nawajibu kazi inaendelea. Mtoto wa shule mmoja alitaka kuishika simu, nikamwambia kwanza anawe mikono mpaka kwenye viwiko.

Bibi hana wasiwasi na simu. Kila alasiri yupo kwa Fundi anamsaidia kutia vifungo. Mwaka wa pili huu anatia vifungo. Sijui ni mashati ya jeshi gani yasiyoisha.

Kwa ufupi, dada, teknolojia hii haijakomaa. Nashauri uirudishe ulikoinunua, tuendelee na barua. Barua haina bati.

Wako,
Injinia, Mkuu wa Mawasiliano, Bondeni na Vitongoji vyake


Jumatano, 19 Machi

Mkuu wa Mawasiliano,

Cherehani ya Fundi ni ya kukanyaga kwa miguu. Haina umeme. Nimeshona nayo sare yangu ya shule, na wewe ulikuwa umekaa chini yake ukila chaki.

Umetoa kile kijinailoni kwenye betri? Na vifungo40 umeandika kwa herufi ndogo zote? Simu haijali umesimama wapi wala una upole gani. Ukiingiza neno sahihi inafunguka, ukiingiza la uongo haifunguki. Katika hilo imekuzidi.

Jumapili tarehe 6 Aprili, saa kumi kamili alasiri, nitapiga. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili niwe mapokezi siku hiyo, na si mtu wa kubadilishana naye mara mbili. Bibi akae karibu na simu. Usipomkalisha, Jumatatu napanda gari nakuja, na nikija sitakuja na mikono mitupu, nitakuja na mjomba.

Mwanzo wa mwezi nilishikwa na homa siku nne, sasa nimepona. Kikohozi tu kimebaki. Mwambie Bibi asihangaike.

Na kabla ya siku hiyo, hebu mwandikie Bibi barua. Aseme, wewe uandike. Usiongeze chumvi.

Dada yako


Alhamisi, 27 Machi

Kwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hii ni barua ya Bibi. Anasema yeye, naandika mimi. (Yaliyo ndani ya mabano ni ya kwangu, Injinia. Bibi hayajui.)

Salamu nyingi. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia, la kulia halijui habari. (Dada, yote mawili ni mazima. Juzi kanikimbiza na mwiko kuzunguka nyumba mara mbili, nikachoka mimi.)

Simu uliyonitumia nimeiona. Ni nyepesi kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha. Nimeifunika kitambaa isipate vumbi. Mume wangu huyu mdogo anasema imekataa kwa sababu ya bati. Mimi najua bati linakinga mvua. Kukinga maneno, hilo ndiyo kwanza nalisikia kwake. (Hana elimu ya mawimbi, tumsamehe.)

Barua zako zinanifikia na mume wangu ananisomea. Anasoma vizuri sana. Anasoma hata yale ambayo kwenye karatasi hayaonekani. (Anasifia ninavyosoma kwa hisia.) Akimaliza kunisomea huziacha juu ya meza, nami huzikunja nikaziweka kwenye mkebe wangu. Huzitazama tazama nikiwa peke yangu. (Anatazama mwandiko wako tu, masikini. Siku nyingine huzishika kichwa chini, nimemwona.)

Ujifunike vizuri kifua, unywe vitu vya moto. (Sijui kwa nini kasema hivi. Mambo ya homa sikumsomea, nisimtie hofu. Wazee wana hisia zao.)

Mwisho, usinihangaikie. Nipo vizuri hapa nilipo. Mti mzee hauhamishwi.

(Samahani kwa doa la wino hapo juu. Kalamu imeniponyoka.)

(Lakini umeona, dada? Maneno yake mwenyewe. Nilikuwa nikikwambia.)

Bibi yako
Ameweka dole gumba hapa kwa sababu hajui kutia sahihi.


Alhamisi, 27 Machi

Kaka Trei,

Karatasi nimeikunja mara nne, isikupandishe mapigo.

Kuna jambo halinikai. Leo Bibi kaniandikisha barua, na mwishoni katamka "mti mzee hauhamishwi". Kaka, huo msemo ni wangu. Nilimwandikia dada tu, sijawahi kuutamka kwa sauti hata nikiwa kisimani peke yangu. Bibi kautoa wapi? Nimejiuliza mpaka viazi vimeungua. Nimejibu hivi: misemo mizuri iko hewani, mtu yeyote mwenye akili anaweza kuiokota. Mimi niliokota kwanza, Bibi kaokota baadaye. Ndiyo hivyo, eh? Sema ndiyo.

La pili ni kuhusu simu, na hapa nakwambia ukweli kwa sababu wewe ni kama mlango wa ghala, ukifungwa umefungwa. Ilishika siku ya kwanza. Nilitoa nailoni, nikaingiza vifungo40, kijitaa kikageuka kijani bila hata kufikiri. Ningekuwa na akili ningeizima pale pale. Lakini kaka, injinia akitengeneza kitu lazima akijaribu. Nikapiga kliniki. Ikalia mara mbili, nikasikia, "Kliniki ya meno, nikusaidie nini?" karibu kabisa, kama yuko nyuma ya pazia. Nikakata. Vumbi likaniingia machoni, macho yote mawili, likakaa kitambo.

Basi, Jumapili ya tarehe sita anapiga saa kumi. Mpango wangu ni huu: nazima mlio, namwambia Bibi simu bado inakataa. Dada atapiga huko mpaka achoke. Halafu naandika barua ya masikitiko, nzito. Mwezi utaisha, mwenye nyumba atampa chumba mtu mwingine.

Usinitazame hivyo. Najua unanitazama hivyo.

Injinia


Jumapili, 6 Aprili

Kaka Trei,

Naandika leo leo kabla kicheko hakijaisha, Alhamisi utaisoma. Nimeshinda, kaka. Nimeshinda na nimepata na kichekesho juu yake.

Saa kumi kasoro robo Bibi alikuwa ameshavaa kanga mpya, amekaa kwenye kiti kama anapigwa picha. Simu mapajani. Mlio nimeshauzima. Nikaguna, nikatikisa kichwa kitaalamu.

"Vipi, mume wangu?"

"Imekataa, Bibi. Inataka neno la siri."

"Nani anataka?"

"Simu yenyewe. Bila neno la siri haifunguki."

Akanitazama. "La Fundi halikutosha?"

Hapo nilikuwa nimebanwa, nikasema lolote. "La Fundi ni la sanduku lake la intaneti. Simu nayo inataka siri ya mwenyewe."

"Siri kubwa au siri ndogo?"

Nikajizuia nisicheke. "Kubwa ndiyo inafungua haraka."

"Na ikiambiwa, haisemi?"

"Simu ni kaburi, Bibi."

Akaipangusa kwa pindo la kanga. Kisha akanyanyuka, akaichukua, akaingia chumbani. Akafunga na komeo. Komeo, kaka, wakati mlango ule tangu nizaliwe unaegemezwa tu na ndoo.

Nikachungulia kwenye tundu la funguo. Kaishika kwa mikono miwili, kaiinamia, simu yenyewe kichwa chini miguu juu, kama popo. Ile sehemu ya kusikilizia ipo kidevuni, ya kusemea ipo sikioni. Kijitaa kinapepesa kijani, na yeye anakibonyeza bonyeza kile kitufe cha kijani kama anafinya chunusi. Nikakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Niliporudi bado anaongea kwa sauti ya chini, anaongea na simu iliyozimwa mlio. Sikusikia neno, na sikutega sikio. Mimi ni mjanja, sio mchawi. Siri ya mzee huachwa na mzee.

Robo saa nzima. Akatoka, macho yamemlegea kama ametua mtungi.

"Nimeshaiambia," akasema. "Sasa ifunguke."

"Bado inafikiria," nikamjibu.

Umewahi kusikia kitu kama hicho? Neno la siri, na yeye kaenda kuiambia siri. Nitalisimulia hili mpaka nizeeke.

Ila simu nimeifunika tena kitambaa, naona inanitazama.

Injinia


Jumatatu, 7 Aprili
KWA BIBI, MKONONI MWAKE. TREI, USIMPE MTU MWINGINE.

Shikamoo Bibi yangu,

Nakuandikia wewe, moja kwa moja, kwa herufi kubwa kubwa zilizotulia. Utaelewa kwa nini.

Jana saa kumi nilipiga. Simu ikapokewa. Nikasema haloo mara tatu, hukunisikia. Nadhani uliishika kichwa chini, Bibi, mdomo mahali pa sikio. Nikataka kukata nipige tena. Ndipo nikakusikia unasema, "Haya, simu. Unataka siri, siri yangu hii hapa."

Nisamehe. Ningekuwa na adabu ningekata. Nilibana simu sikioni mpaka sikio likauma.

Ukasema, "Najua kusoma." Ukasema Fundi amekufundisha, alasiri kwa alasiri, mwaka wa pili huu, na vifungo ni kisingizio. Ulianzia na daftari lake la vipimo, kiuno, bega, mkono, ukafika kwenye barua zangu. Ukasema mjukuu wako anakusomea barua ambazo sikuziandika, kisha akitoka unazisoma zilivyo. Ukasema za kwake ni nzuri zaidi. Kwenye barua zake mimi sikohoi, siumwi homa, silii kwa upweke. Huniruka nikiwa na shida, ili wewe upate usingizi.

Ukasema hata ya chumba uliisoma, na majibu yake uliyaona kwenye karatasi ya kujaribia kalamu aliyoitupa jikoni. Ukasema, "Chumba sikitaki. Nataka mlango wangu, na kibaraza changu, na kelele za huyu mtoto. Lakini ningemwambiaje yule aliyenipangia dirisha linalotazama bustani? Huyu kijana akanikatalia, tena kwa maneno mazuri kuliko yangu. Nikanyamaza. Na akijua najua kusoma, hatakaa tena karibu nami akasoma."

Bibi, kulikuwa na mgonjwa mbele yangu, shavu limevimba kama andazi. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa.

Chumba nimekirudisha leo asubuhi. Sikuvunjika. Ningevunjika kama ungekuja kwa kunionea haya.

Matofali ya mjomba yatabaki kwa mjomba. Lakini kijana ametudanganya sote wawili kwa pamoja, na hiyo inataka kipaji na adhabu. Kipaji anacho. Adhabu nakuachia wewe.

Mke mwenzako


Ijumaa, 11 Aprili

Dada, shikamoo.

Sina cheo cha kutia leo.

Jana Trei alishuka na bahasha. Nikanyoosha mkono kama kawaida yangu, akanipita kama nguzo, akampa Bibi. Nikacheka. Nikamwambia Trei, "Unampa ya nini, akafungie mboga?" Trei hakucheka. Yule mtu ambaye hucheka mpaka kisimani hakucheka, nikajua kuna jambo.

Bibi akaenda kukaa kibarazani. Akatoa miwani kwenye pindo la kanga. Akaivaa. Akafungua bahasha kwa kisu cha mezani, taratibu, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinatembea chini ya mstari kama kuku anayedonoa. "Sha-va. Shavu." Akarudi nyuma pale alipokosea, akasahihisha mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Sikumbuki kuiweka chini, lakini miguu ililowa.

Alisoma yote, dada. Hakuruka hata nukta. Alipofika kwenye "huniruka nikiwa na shida" akanitazama juu ya miwani, akaendelea.

Kumbe kila barua alikuwa anaisikia mara mbili, kwanza ya kwangu, kisha ya kwako. Na mimi nilikuwa najiona msomaji mashuhuri. Nilikuwa redio, dada. Redio tu, mwenye nyumba anaiacha iseme kwa sababu hataki nyumba iwe kimya.

Nisamehe kwa chumba. Niliogopa. Sikuogopa matofali sana, ingawa mjomba anatisha. Niliogopa kuamka asubuhi pasiwe na mtu wa kuniita mume wangu kisha akanituma maji. Ningekwambia hivyo mwanzoni ingekuwa mistari miwili, na kiti nilichokivunja kwa maigizo kingekuwa kizima.

Nimeuliza adhabu yangu ni nini. Bibi kasema, "Tafuta kalamu. Ya kwangu."

Mdogo wako


Alhamisi, 17 Aprili

Mke mwenzangu,

Naandika mimi. Ukikuta kosa, acha kama lilivyo. Limenitoa jasho.

Adhabu ya kijana ni hii. Barua zote za nyumba hii sasa naandika mimi. Yeye anasema, mimi naandika. Yaliyo kwenye mabano ni ya kwangu. Nimejifunza kwake.

Anasema nikwambie yeye ni mzima wa chuma. (Ana mafua. Anajifuta kwenye mkono wa shati.)

Anasema Jumapili alipowasha simu na mlio ukalia nyumba nzima, hakulia, ni vumbi tu. (Alilia. Vumbi lilishapigwa maji asubuhi.)

Anasema Mwalimu Mkuu wa shule amesikia habari zake, amemwita akafunge simu kama hii ofisini. (Kweli. Mimi ndiye niliyempelekea Mwalimu habari. Nilimwandikia. Akasema atampa kazi hiyo, na akimaliza atamrudisha darasani akamalizie ule mwaka alioacha njiani. Hili la darasa kijana hajalijua bado. Hasomi ninachoandika, nimefunika kwa mkono.)

Anasema anaomba neno la siri. Fundi amelibadilisha. Lile vifungo40 lilifika mpaka kisimani, watoto wakajaa chini ya dirisha lake. Neno jipya Fundi amenipa mimi peke yangu. (Kijana analitaka sana. Nimemwambia kila siku akae hapa anisomee ukurasa mmoja wa kitabu, bila kuruka, bila kuongeza. Siku ya thelathini nitamwambia. Jana aliongeza simba mahali ambapo hapakuwa na simba. Tumeanza upya kuhesabu.)

Anasema nikuombe radhi tena. (Ameshakuomba mara nane. Yatosha. Mti mzee hauhamishwi ni maneno mazuri, nimeyashona kwenye kitambaa cha mto, kitakuja na Trei.)

Sasa haya ni ya kwangu, bila mabano.

Jumapili nilikusikia. Sauti yako imekuwa ya mtu mzima. Ila unakatiza maneno. Nilipoanza kukwambia habari ya kikohozi chako ukasema Bibi hii, Bibi ile, umeshapona, unakunywa dawa. Mzee anatakiwa aachwe amalize.

Kwa hiyo simu nimeipenda, na kila Jumapili saa kumi upige. Lakini nitakuwa naishika kama nilivyoishika siku ile ya kwanza, kichwa chini, miguu juu. Hivyo nasema mpaka nimalize na hakuna anayenijibu.

Majibu yako yaandike. Nitayasoma mwenyewe.

Bibi yako
(Sahihi hii ni yangu. Dole gumba nimelinawa.)